Kinu cha utafiti kikizimwa, taka zake zinaenda wapi?

MwanaKyoga
Jamani, kwetu Buyende hapa Uganda stori siku hizi ni kiwanda cha umeme wa nyuklia tu, ila mimi nataka kuelewa kwanza vile vidogo, vinu vya utafiti, yaani vinu vya nyuklia vya majaribio, si vya umeme, maana nasikia vingi duniani vimeshazeeka. Kikizimwa kinavunjwa vipi? Taka wanazika tu? Wazee wananiuliza kuhusu maji ya ziwa na sina la kuwajibu.

FundiMionzi
Ndugu, kuzima ni rahisi, kuvunja ndio kunakula miaka. Kwanza inatolewa fueli, karibu mionzi yote imo mle, inapoa kwenye dimbwi la maji halafu mara nyingi inarudishwa kwa nchi iliyoiuza, Marekani au Urusi. Zinabaki chuma, alumini, grafaiti (kaboni ngumu kama ya ndani ya penseli) na ule ukuta mnene wa zege. Sasa sikiliza, si zege yote ina mionzi, ni tabaka la ndani lililopigwa na nyutroni, zile chembe ndogo zinazotoka kwenye fueli kinu kikiwaka, kwa hiyo wanatoboa, wanapima sampuli, wanakata hilo tabaka kwa waya wa almasi, la nje likipimwa likawa safi linaenda kama kifusi cha kawaida. Vyuma vya katikati vinakatwa chini ya maji kwa vifaa virefu, maji yanamkinga fundi. Halafu vinafungwa kwa saruji ndani ya mapipa au makontena. Kobalti-60, kitu chenye mionzi kilicho kwenye chuma, inapungua nusu kila miaka 5 na kitu, hiyo unaweza kuisubiri, ila kaboni-14, kaboni yenye mionzi ya kwenye grafaiti, kupungua nusu inachukua miaka 5,730, hiyo hakuna wa kuisubiri.

Nalongo_Jinja
Sawa sebo, lakini mapipa yanaenda WAPI? Denmark walifunga kinu chao kikubwa pale Risø mwaka 2000, mwaka 2003 bunge likakubali vinu vya pale vivunjwe, fueli nyingi ikaenda Marekani lakini kilo 233 za taka zenye mionzi mikali kuliko zote zikabaki. Wakatafuta pa kuzika, wilaya zikakataa. 2018 bunge likaamua zikae stoo, na shimo la chini kabisa liwe tayari ifikapo 2073. Hao ni matajiri na taka zao ni kidogo, mimi hiyo ndiyo inaninyima usingizi.

Kijana_Arua
Na hapa jirani Kinshasa je, kinu chao cha 1959 ndicho cha kwanza Afrika, cha pili cha hapo hapo kikasimama 2004. Fito mbili za fueli ziliibwa, moja ikaja kukamatwa Italia 1998. Kwa hiyo hata kama kimelala lazima kilindwe usiku na mchana, na walinzi walipwe kwa wakati.

MwanaKyoga
Sasa maji je?

FundiMionzi
Maji machafu hayamwagwi ovyo, yanachujwa, uchafu unaobaki unagandishwa kwa saruji. Stoo inajengwa juu ya ardhi, pakavu, mbali na mafuriko, na visima vya jirani vinapimwa mara kwa mara. Sisi tuna sheria ya atomiki ya 2008 na baraza lake la kusimamia, sasa mkutano ukija ulizeni pesa ya kuvunja inawekwa wapi na nani haruhusiwi kuigusa, mpewe jibu kwa maandishi kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Nalongo ana haki kabisa, wilaya ya stoo pia itajwe wakati huo huo, wenyeji wakubali au wakatae wakiwa bado na nafasi.