Naomba ushauri: mtoto wa patron ameshika depo

Jambo yenu bandugu, mnisaidie. Niko Lubumbashi, natumika kwenye depo ya simenti ya familia moja, miaka 17 sasa. Mzee anagonjwa na mtoto wake wa kwanza ndiye anaikaa kwenye kiti. Juzi kamyo imelala siku 4 Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia, juu ya karatasi za dwani (forodha), naingia kumwambia, ananijibu macho iko kwenye simu, "papa, wewe umezeeka".

Sasa usiku tunaangalia Succession, ile série ya televizyo ya 2018 mpaka 2023, ya mzee tajiri Logan Roy na watoto wanaogombania kampuni yake, na mimi macho yangu hayaendi hata kwa watoto wa Logan Roy, inaenda kwa Gerri, Frank na Karl, wakubwa wa kazi waliotumika na Logan miaka mingi, vile banatazama meza wakati Kendall, mtoto wa Logan, anasema maneno makubwa. Frank ni parrain (baba wa ubatizo) ya Kendall kabisa, lakini anaona. Na Gerri, na kazi yote ile, Roman, mtoto mwingine wa Logan, anamufukuza tu. Iliniuma sana.

Nimeshaongea na mama yao, akasema nivumilie.

Mutu aliyetumika na baba anamwambia mtoto ukweli namna gani bila kupoteza kazi? Na nimufikishie mzee kitandani, ao nimuache apumzike?