Tupeane uzoefu: kulea wavulana wawe viongozi shuleni bila fimbo wala ubabe (Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria)

Mlezi Ilemela
Wakuu, walimu wa malezi na wazazi wa sekondari Kanda ya Ziwa, kila mtu aweke kinachofanya kazi, hatua kwa hatua. Naanza na viranja. Tunaharibu pale tunapomkabidhi kijana fimbo na daftari la wapiga kelele. Kuanzia hapo wenzake wanajifunza kwamba mkubwa ni anayeogopwa. Kanuni zenyewe haziruhusu: kiboko ni cha mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Kiranja hayumo kabisa.

Mpe kazi inayoonekana: funguo za stoo ya majembe, zamu ya kujaza matenki, orodha ya vitabu. Kila Ijumaa asimame dakika tatu mbele ya wenzake aseme kimefanyika nini, kimeshindikana nini, na anaomba msaada gani. Hilo la kuomba msaada ndilo huwashinda wavulana, kwa hiyo asiruhusiwe kuliruka.

Kocha Nyakato
Mwalimu umegusa penyewe. Niongeze kuhusu kundi la mazungumzo la wavulana. Wasizidi 15, maana wakifika 30 wataongea watano tu. Changanya vidato viwili vinavyofuatana; ukiweka cha kwanza na cha nne pamoja, wadogo watanyamaza. Saa moja kwa wiki, siku ileile, wakae duara. Dakika 10 za kwanza kwa wote, kila mmoja aeleze wiki yake kwa ufupi, 35 hoja moja, 15 kugawana kazi. Mwenyekiti abadilike kila wiki, la sivyo mwenye sauti nene atakimiliki kiti.

Hoja zitoke kwao. "Msichana akikukataa mbele ya watu, unafanyaje?" Wawili waigize, wa tatu asikilize maneno yaliyotumika, kisha warudie wakibadilishana nafasi. Mlezi akianza kuhubiri, kundi limekufa.

Siku ya kwanza kabisa elezeni mipaka ya siri: yanayosemwa yanabaki humo, isipokuwa mtoto anaumizwa au anataka kujidhuru. Hapo mlezi lazima achukue hatua, na namba 116 ya watoto hupigwa bure. Mkilisema hili baadaye, wataona wamesalitiwa.

Mwalo Kayenze
Shule za jirani na mialo (fukwe za kushushia samaki), fuateni mwezi wa angani. Dagaa huvutwa na taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, uvuvi hupungua. Ndiyo maana utoro wa wavulana hupanda siku za giza, na anayesinzia darasani huenda amekesha majini au ameamkia kuanika. Ukimwita mvivu umempoteza, maana mwaloni analipwa na kuhesabiwa mwanaume. Uchaguzi wa viranja na vikao wekeni wiki za mbalamwezi, naye apate nafasi ya kugombea. Kisha mkuu wa shule azungumze na BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) ya mwalo kuhusu wenye mitumbwi wanaobeba wanafunzi.

Hoja nzuri ya kundi huku kwetu ni jaketi okozi. Vijana wengi wanaona kulivaa ni woga. Mwiteni nahodha anayeheshimika mwaloni, aje nalo, awaonyeshe kufunga kamba zote na kuhakikisha halipandi usoni.

Mama Buhongwa
Shikamooni walimu. Orodha ya kudeki na kuchota maji ifuate namba za mahudhurio, si jinsia. Nyumbani nasi tufanye vivyo hivyo: kijana wa miaka 14 afue sare zake na apike ugali wa wote Jumamosi. Baba yake asimcheke.

Mlezi Ilemela
Marahaba mama. Na walimu tuache kumwambia mvulana anayelia "unalia kama msichana". Tunawatukana wote wawili kwa pamoja. Mwache anyamaze kwanza, umpe maji, umuulize pembeni.

Wa shule za bweni, Sengerema na Ukerewe, tuelezeni mnavyozuia kidato cha nne kuwatumikisha wadogo usiku, mwalimu wa zamu akishalala.