Mrututu ukipashwa moto unakuwa mweupe: bluu inakwenda wapi?

KijanaWaKibosho
Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa kwanza na kemia isokaboni inaninukia sapu (mtihani wa marudio). Juzi maabara tulipasha moto mrututu (salfeti ya shaba) kwenye testi tyubu. Bluu ikapotea, ukabaki unga kama sembe. Tukadondoshea maji, bluu ikarudi. Nikaandika kwenye ripoti: "Rangi ya mrututu imo kwenye maji." Nimerudishiwa na wino mwekundu pembeni: "Maji unayokunywa ni ya bluu?" Babu alikuwa anachanganya mrututu na chokaa kupulizia kahawa, mikono yake bluu mpaka Jumapili, nikajua hapa sikosi. Sasa kama rangi si ya maji, ni ya nani?

FundiMaabara
Dogo, ni ya shaba, ila inategemea shaba imezungukwa na nani.

Anza na elektroni. Shaba ni [Ar] 3d10 4s1, yaani juu ya mpangilio wa agoni kuna elektroni kumi kwenye obitali (vyumba vya elektroni) za 3d na moja kwenye 4s. Ukiondoa mbili, ya 4s inatangulia, halafu moja ya 3d. Inabaki 3d9, yaani kuna nafasi moja wazi. Kila mwaka nasahihisha wanaoandika 3d8 4s1, eti 4s ilijazwa kwanza kwa hiyo itoke mwisho. Hapana.

Sasa mrututu wenyewe, CuSO4·5H2O. Molekuli nne za maji zimeishika shaba pande nne, juu na chini kuna oksijeni za salfeti. Elektroni za d zinasukumwa na hao majirani, kwa hiyo obitali tano za d hazibaki na nishati sawa. Panakuwa na pengo. Elektroni inaruka pengo hilo kwa kumeza mwanga mwekundu, wewe unaona bluu iliyosalia. Ukifukuza maji, zinabaki oksijeni za salfeti tu, na zinasukuma kinyonge. Pengo linapungua, mwanga unaomezwa unahamia infraredi, ambako macho hayaoni. Ndiyo unga mweupe huo.

Kesho omba amonia, utie kwenye mrututu ulioyeyushwa. Matone ya kwanza yataleta tope la bluu hafifu, hidroksidi ya shaba. Wengi hapo humwaga wakidhani wameharibu! Wewe ongeza. Tope litayeyuka, itatoka bluu nzito sana. Amonia inasukuma kuliko maji, hivyo umezaji wa mwanga unatoka maeneo ya nanomita 800 unafika karibu 600.

MamaTitresheni
Nakazia hapo. Salfeti ya zinki ina maji saba, tena zaidi ya mrututu, na haina rangi. Zn2+ ni 3d10, imejaa, elektroni haina pa kurukia. Ungekumbuka hilo usingeandika habari za maji.

KijanaWaKibosho
Asanteni sana, shikamoo Fundi. Kuna lingine: tulipima gramu 2.50, tukabaki na 1.78. Kwa hesabu yangu ya uzito wa moli (159.6 ya CuSO4 isiyo na maji kwa 249.7 ya mrututu wenye maji) ilitakiwa 1.60. Mwenzangu anasema mizani mbovu.

FundiMaabara
Marahaba. Mwachie mizani yangu! Piga hesabu ya CuSO4·H2O, yaani mrututu uliobaki na molekuli moja ya maji: 177.6 gawanya kwa 249.7, zidisha 2.50. Molekuli ya tano haikuwa kwenye shaba, imefungwa na salfeti kwa bondi za hidrojeni, na haitoki mpaka joto lipite nyuzi 200. Nyie mlizima moto mapema. Unga ulikuwa mweupe kabisa?

KijanaWaKibosho
Kusema kweli ulikuwa na kaubluu kwa mbali. Tulikuwa tunawahi chakula.