Tundu la chaji likifa, lawama ni ya nani?

Ndugu zangu wa Tanga, mafundi simu wa Ngamiani kazi yao kubwa siku hizi ni mfumo wa chaji. Wapo wanaotulaumu sisi watumiaji: tunachomeka kwa pupa, tunanunua waya feki. Mimi nasema watengenezaji ndio wabanwe.

Tundu la Type-C, lile ambalo waya unaingia upande wowote, lililotoka 2014, limekusudiwa kuhimili kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000. Ukichaji mara tatu kwa siku, hiyo ni miaka tisa. Tena vibanio vyenye springi viko kwenye waya, ili waya uchakae kabla ya simu. Mbona basi simu zinaanza kuchagua upande wa kulazwa ndiyo zishike chaji?

*Fundi, Ngamiani:* Kaka, nyingi nazoletewa tundu ni zima, limejaa uchafu wa mfukoni ulioshindiliwa na waya wenyewe. Zima simu, tumia kijiti cha meno kikavu, taratibu. Watu wanachokoa kwa sindano, wanavunja ule ulimi wa katikati, halafu wanamlaumu Mchina.

*Muuza samaki, Sahare:* Na sisi je? Kutwa mikono ina maji ya chumvi na wateja wanapiga. Chumvi na umeme vikikutana kwenye zile pini, zinaliwa. Huo si uzembe, ni kazi.

Dada wa Sahare kanisaidia. Kwa kuwa tundu litachakaa tu, libadilishike kwa urahisi. Simu nyingine limewekwa kwenye bodi yake ndogo, fundi anaitoa na kuweka mpya. Nyingine limechomewa kwenye bodi kuu, na hapo ndipo unaposhauriwa ununue simu nyingine. Huo ndio ubishi wangu! Umoja wa Ulaya, tangu 20 Juni 2025, unawataka watengenezaji wa simu wawauzie mafundi vipuri, tundu likiwamo, hadi miaka 7 baada ya toleo kuacha kuuzwa. TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, inathibitisha aina za simu zinazoingia nchini; iongeze sharti hilo.

*Mwenye duka, Chumbageni:* Sharti likiongezeka, bei inapanda. Anayeumia ni mteja wa simu ya bei ya chini. Anzeni na waya feki.

Waya feki zikamatwe, sipingi. Lakini mteja huyo wa bei ya chini ndiye asiyeweza kununua simu ya pili. Fundi, hebu tuambie: kati ya simu unazoletewa, zipi tundu linatoka bila kugusa bodi kuu?