Biskuti za chai zinatandaa, skonzi hazipandi, nakosea wapi?

Asumini_Ngamiani
Asalam aleikum wapendwa. Nipo Tanga, naomba msaada kwa wanaojua kuoka maana mi nshapoteza unga mara tatu sasa. Mama yangu anakaa kwangu, chai yake ya saa kumi anataka na kitu cha kutafuna ila hali sana, skonzi moja au mbili na biskuti tatu basi, kwa hiyo sitaki kuoka ndoo nzima alafu zikalala zikalegea na huu unyevu wetu wa pwani, nataka nioke kidogo zikiisha naoka tena. Oveni sina. Natumia jiko la mkaa, sufuria kubwa lenye mchanga ndani, makaa mengine juu ya mfuniko.

Biskuti naziweka zimekaa vizuri kabisa, nikifunua nakuta zimetandaa zimeshikana zimekuwa pande moja. Na skonzi, nazungumzia zile za beking pauda za kukata na glasi, sio zile za hamira za kununua, zinatoka fupi, ngumu, ndani kama udongo. Nilifata vipimo vya mtandaoni, unga vikombe viwili, siagi robo kikombe, beking pauda kijiko kimoja cha chai, sukari na maziwa. Nikakanda vizuri kama dakika kumi nikafunika nusu saa ziumuke. Nakosea wapi jamani?

Mwokaji_Raskazone
Waaleikum salaam dada. Umekanda kama maandazi, hapo ndo palipoharibika. Unga wa ngano ukilowa ukakandwa unafanya ule mvutano, hamira inaupenda kwa sababu inajaza hewa taratibu, ila beking pauda haiwezi kuunyanyua mvutano ule. Na hiyo nusu saa ya kusubiri pia imekuangusha, beking pauda inaanza kazi palepale ikiguswa na maziwa, alafu inamalizia kwenye moto, sa ukiifunika unakaa unaisubiri nguvu inaondoka bure.

Kwa watu wawili fanya hivi: unga kikombe kimoja, beking pauda kijiko kimoja cha chai kilichojaa (ile yako kijiko kimoja kwa vikombe viwili ni ndogo), sukari kijiko kimoja cha chakula, chumvi chembe, siagi vijiko viwili vya chakula. Siagi isugue kwenye unga kwa ncha za vidole tu, kiganja kina joto kitaiyeyusha, sugua mpaka ufanane na chenga. Maziwa ya baridi robo kikombe, mimina, koroga na kisu, ukiona umeshikana acha hapohapo hata kama una mabonge. Kama mkavu ongeza tone tone. Usiusukume mwembamba, bonyeza kwa mkono ubaki unene wa vidole viwili. Na glasi ichovye kwenye unga, bonyeza moja kwa moja chini usiizungushe, ukizungusha unaziba kingo na skonzi inapanda upande. Zitatoka kama nne, zipange zigusane, zitasukumana kwenda juu. Ziende motoni sekunde hiyohiyo, na sufuria liwe limeshapata moto kabla hujagusa maziwa.

Bibi_wa_Makorora
Mwanangu, biskuti kutandaa ni siagi. Hapa kwetu kuanzia Disemba mpaka Machi siagi ukiiweka mezani inakuwa mafuta, sasa ukifinyanga biskuti kwa siagi iliyokwisha legea, ikifika motoni inakimbia kabla unga haujashika. Na ile ya kopo laini ya kupaka mkate ina maji mengi, tafuta ya kipande.

Mi napima sukari gramu 50, siagi 100, unga 150, iliki ya kutwanga, beking pauda situmii kabisa. Nikishachanganya naviringisha gogo nene kama bomba la maji, nalifunga kwenye nailoni, linalala kwenye friji saa nzima. Huna friji, nunua barafu za mfukoni uzipange kwenye ndoo na gogo katikati, funika. Likiwa gumu nakata vipande kwa kisu kikali, nane tu, gogo linarudi kwenye baridi. Kesho mama akitaka unakata zingine nane. Na mwanangu, oka kwanza moja peke yake, ikitandaa unajua siagi bado laini au moto mdogo, hujapoteza sahani nzima. Makaa yawe mengi juu, chini machache, biskuti inaungua chini upesi.

Sahare_boy
Naongezea kidogo, jaribu hiyo beking pauda yenyewe. Mi niliuziwa duka moja kopo limekaa sana, nimeoka wiki mbili naona mikono yangu mibaya. Weka nusu kijiko kwenye maji ya moto, isipotoa povu kwa kishindo itupe. Alafu skonzi mbichi zilizokwisha katwa zinakaa friza vizuri, unazipeleka motoni zikiwa hivyohivyo zimeganda, unaongeza dakika chache.

Asumini_Ngamiani
Nimerudi. Bibi Mungu akuweke. Nimetengeneza gogo jana usiku, leo nimeoka moja ya majaribio ikatandaa kidogo, nikaongeza makaa juu, saba zilizobaki zimekaa duara lake vilevile, kingo rangi ya asali. Nilikwangua na ganda la chungwa la Muheza nikatia pamoja na iliki. Skonzi kaka Raskazone zimepanda, zimepasuka ubavuni zenyewe ile mistari, mama kaifungua kwa mikono bila kisu moshi unatoka akapaka siagi. Chini zimeungua kidogo, nafikiri mchanga niliweka mdogo.

Bibi_wa_Makorora
Mchanga ni mdogo ndio, weka kina cha vidole viwili na juu yake sahani ya bati kabla ya trei. Msalimie mama.