"Sasa si wakati wa siasa." Watoto wanauawa shuleni Marekani kila mara, huo wakati ni lini?

Wakuu, leo nimekuja na hasira zangu, kwa hiyo povu ruksa. Mods, naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa Trump.

Niko Texas. Kwenye kundi letu la WhatsApp la Wabongo wa huku kuna jamaa katupia picha ya AR-15 yake mpya, ile bunduki ya mtindo wa kijeshi, kailaza kochini utadhani kichanga kimetoka kuogeshwa. Nikamuuliza ya nini yote hiyo. Weee! Nimeshambuliwa mpaka usiku. "Bunduki haiui, mtu ndiye anayeua." "Hii ni haki ya katiba, si Bongo hapa." Na mmoja akamalizia: "Mambo ya Uvalde usituletee, msiba haufanyiwi siasa."

Haya, sasa naleta hiyo Uvalde.

Tarehe 24 Mei 2022, shule ya msingi Robb, mji wa Uvalde, hukuhuku Texas. Kijana katimiza miaka 18 juzijuzi tu, kaenda kununua bunduki mbili za aina hiyohiyo ya kochini, kihalali kabisa. Bia asingeuziwa, maana bia huku ni mpaka ufikishe 21. Akaua watoto 19 na walimu wawili.

Si mnasema dawa ya mbaya mwenye bunduki ni mwema mwenye bunduki? Hayo ni maneno ya Wayne LaPierre, alikuwa bosi wa NRA, chama kikubwa cha kutetea bunduki, aliyatoa Desemba 2012, wiki moja baada ya watoto 20 kuuawa shule ya msingi Sandy Hook. Sasa Uvalde wema wenye bunduki, yaani askari, walifika 376. Mia tatu sabini na sita! Walikaa dakika 77 ndiyo wakamvaa yule kijana. Mtoto yuko darasani anapiga 911, namba ya dharura, kwa kunong'ona, anaomba polisi, na polisi wamejaa koridoni palepale. Gazeti moja la Austin, makao makuu ya Texas, lilitoa video ya ile korido. Kuna askari mle, kavaa kofia ngumu na fulana ya kuzuia risasi, anasogea ukutani, anakinga mikono chini ya kile kidude cha kitakasa mikono, anajipaka taratibu, anarudi kusimama. Mimi ile video niliitazama mara moja, sirudii. Huko nje mama mzazi mmoja anasimulia alipigwa pingu kwa kuwahimiza waingie. Siku moja baada ya mauaji, Gavana wa Texas, Abbott, anatuambia ingeweza kuwa mbaya zaidi.

Kabla watoto hawajazikwa, NRA wakafanya mkutano wao Houston, jimbo hilohilo. Trump akaenda kuhutubia, na wakati wa hotuba yake kuingia na bunduki ukumbini ilikuwa marufuku. Kumbe penye mtu mkubwa bunduki inaua!

Halafu kuna hawa wa "tatizo ni afya ya akili". Sawa. Februari 2017 Trump huyohuyo alisaini kufuta kanuni ya enzi za Obama, iliyotaka watu wanaolipwa fedha za ulemavu kwa ugonjwa wa akili, na wasioweza kusimamia fedha zao wenyewe, majina yao yaingizwe kwenye ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki. Hapo afya ya akili ilikuwa imeenda likizo? Na wagonjwa wa akili hawako Japani? Hawako Uingereza? Tangu 2020 kinachoongoza kuua watoto na vijana wa Marekani wa miaka 1 hadi 19 ni bunduki, kimeyapita hata magari.

Mnasema tungoje msiba upoe. Wazazi wa Uvalde walingoja karibu mwaka mzima, wakaenda Austin 2023, wakangoja bunge la jimbo mpaka usiku wakiomba kitu kimoja tu: umri wa kununua hizo bunduki upande toka 18 hadi 21. Muswada ukapita kwenye kamati, siku chache baada ya watu wanane kuuawa kwenye maduka ya mji wa Allen, hukuhuku Texas. Ukafia hapohapo, haukupelekwa hata kupigiwa kura na bunge zima, muda ukaisha. Kamera za televisheni zilishaondoka zamani. Hizo huja siku ya damu, zinaweka mishumaa na maua, wiki ya pili zimehamia kwingine.

Wangu yuko darasa la pili. Wana mazoezi ya kujificha: taa inazimwa, kioo cha mlango kinazibwa kwa karatasi nyeusi, wanajikunyata kona moja, kimya. Ana pumu, anakohoa hovyo. Juzi kaniomba nimwekee pipi za kikohozi kwenye begi. Nikamwambia shuleni hawaruhusu dawa bila barua. Akaniambia mwandikie mwalimu, mama, kwa sababu nikikohoa tutasikika wote.

Nimeandika hiyo barua. Ninyi mnaniambia msiba haufanyiwi siasa.

Na wale wa "kama hupapendi rudi Bongo", kodi nalipa, mtoto anasoma hapa, siendi kokote. Njooni na hoja.