Excel, ubao wa kadi, programu ama kontrakta: nyinyi mnapanga vipi sevisi za mashine?

Spana13
Wadau habarini. Tuko kiwanda cha plastiki hapa Lunga Lunga, Nairobi, tunatoa ndoo na majerikeni, mifuko tuliacha 2017 ilipopigwa marufuku. Mashine za injeksheni ni 14, kompresa 2, chila moja ya kupoza maji, jenereta, na mafundi 7 kwa shifti mbili. Ratiba ya sevisi naiandika mimi kwa Excel, Ijumaa naiprinti nabandika karibu na stoo, na Jumatatu saa tatu asubuhi ishakufa kwa sababu kuna kitu kimesimama na mafundi wote wamekimbilia huko. Sasa bosi ameona programu fulani ya kulipia kila mwezi, fundi wetu mmoja mzee anasema turudishe ubao wa kadi wa zamani, na mhasibu anataka tumpe kontrakta kila kitu tupumzike. Nani ashajaribu hizi njia? Naomba ukweli, matangazo nishapata ya kutosha.

MamaGrisi
Nimepitia tatu, kontrakta ndio sijawahi kumpa kila kitu. Excel inajua ulichopanga tu, kilichofanyika inakijua siku ukikaa chini ukaingiza mwenyewe na hiyo siku haifiki. Ubao una kitu kimoja programu haina: kila anayepita kwenda chai anauona. Wetu ulikuwa na mifuko 52, moja ya kila wiki, kadi ya mashine inakaa kwa wiki yake, kazi ikiisha fundi anasaini kadi anaisogeza mbele kwa zamu inayofuata, isipofanyika inabaki hapo nyuma inakuangalia. Meneja alikuwa anahesabu kadi zilizobaki bila kuuliza mtu. Ubaya ni kwamba ukitaka kujua sili ya pampu imebadilishwa mara ngapi mwaka huu, ubao hautakwambia, na kadi zikimwagikiwa na oili ndio hivyo.

Fundi_BabaDogo
Sisi tulinunua programu. Ni nzuri kwa macho. Lakini wacha niwaambie ya feni ya oveni. Kazi inaingia kwa simu ya fundi: "badilisha beringi ya feni". Hayo tu. Anapanda na spana zake, anafungua gadi ya kukinga feni, anakumbuka pula ya kuvutia beringi iko kwa mwenzake upande ule mwingine, anaenda kuitafuta, anarudi, anatoa beringi ya zamani, anashuka stoo anapewa beringi namba 6205, anapanda tena, haiingii. Shafti ni ya milimita 30 na 6205 ni ya 25, ilitakiwa 6206 (zile namba mbili za mwisho zidisha kwa tano unapata tundu la beringi kwa milimita, hata wa stoo wafundishwe hii). Saa nne zimeisha kwa kazi ya dakika arobaini. Na programu ikaandika: imekamilika, masaa 4. Kijani kabisa. Bosi akafurahi!

Kwa hivyo mi naona hizo zote nne ni mahali pa kuandikia tu. Kabla ya kununua niambie kwanza, nani kwenu anapanda kuiangalia hiyo feni siku mbili kabla, anaandika namba ya beringi, kifaa gani kinahitajika, watu wangapi, gadi inafunguliwa na spana namba ngapi? Kama hakuna, programu itakuonyesha vurugu yako kwa rangi.

Dada_wa_Stoo
Msitukane watu wa stoo bure 😂 hiyo 6205 ilitolewa kwa sababu fundi alisema "ile beringi ya kawaida". Mi napigia programu kura kwa sababu moja, spea. Kwa Excel kila mtu ana kopi yake na hakuna inayolingana na rafu. Kwa programu beringi ikitoka inatoka kwa kazi fulani ya mashine fulani, ikibaki mbili naona, naagiza. Halafu tulianza kupakia kreti: Alhamisi napewa kazi za wiki ijayo, napanga spea, gasketi, oili, naandika namba ya kazi juu ya kreti naweka kando. Fundi akija anabeba anaenda. Lakini nikubali hata kwa ubao wa kadi kreti zingefanya kazi vilevile.

Mvuke_Safi
Kwa kontrakta: gawanyeni. Kuna vitu sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, boila kila miezi 12, lifti kila miezi 6, hizo tarehe ziwekeni kwanza kabla ya kitu kingine chochote maana hazijadiliwi na uzalishaji. Chila na jenereta kubwa pia kontrakta ana maana, ana vifaa ambavyo hamtanunua. Lakini mashine za kila siku ukimpa zote, baada ya mwaka mafundi wako watakuwa watu wa kumfungulia geti. Na mkataba wa kulipa kila ziara ni mtego, atakuja kila mara na hakuna kitakachopona.

Injinia_Chonjo
Hakuna aliyeuliza kama hizo sevisi zote zinahitajika. Mwaka 1978 watu wa United Airlines waliandikia wizara ya ulinzi ya Marekani ripoti, wakakuta vifaa vingi sana vya ndege haviharibiki kwa sababu ya umri, na sehemu kubwa huharibika mapema, mara tu baada ya kufungwa. Ndege si mashine ya ndoo, najua, lakini kila ukifungua kitu kinachokimbia vizuri unakipa nafasi ya kuharibika. Nunua kipimajoto cha kulenga, opereta apime mota na beringi kila shifti aandike. Joto likipanda siku tatu mfululizo hapo ndio unapanga. Kubadilisha beringi ambayo haina shida kwa sababu kalenda imesema ni kutupa pesa.

Spana13
Sawa lakini mpangaji ni nani? Mimi ndiye supavaiza, mimi ndiye naandika Excel, na mashine namba 9 ikisimama mimi ndiye niko chini yake na tochi.

MamaGrisi
Hapo ndipo penye ugonjwa ndugu yangu. Chukua karatasi. Mafundi 7 mara saa 45 ni saa 315 kwa wiki. Toa mmoja yuko likizo, toa chai, toa dharura, na dharura zako unazijua, angalia wiki sita zilizopita ni saa ngapi. Tuseme zinabaki 180. Ukipanga 180 ratiba inaishi. Wewe nadhani unajaza 315 zote ndio maana inakufa Jumatatu. Halafu chagua mafundi wawili wa dharura tu kwa wiki, wengine hawaguswi hata mashine ikilia, labda iwe ni moto. Na Jumatano kaa na mtu wa uzalishaji dakika ishirini, akubali kwa kinywa chake mashine gani anakuachia na saa ngapi. Akikataa, aandike yeye.

Fundi_BabaDogo
Hiyo ya wawili wa dharura tulifanya, wiki ya kwanza uzalishaji walitaka kunila nyama. Ya tatu wakazoea.

Spana13
Nimehesabu usiku huu. Dharura peke yake ni saa 120 kwa wiki, nimeshtuka. Basi programu namwambia bosi asubiri, nachukua ubao kwa mashine sita mbovu zaidi, Excel inabaki ya kumbukumbu, na mzee wangu wa kadi ndiye atakuwa mpangaji, magoti yake yenyewe hayataki kupanda tena. Dada wa Stoo nakuja kuuliza kuhusu kreti. Swali dogo, jenereta naiweka kwa kadi ya kila miezi mingapi?

Mvuke_Safi
Usiweke kwa miezi. Weka kwa masaa ya mita, yaani masaa ambayo imekimbia, oili na filta kila 250 ama kama kitabu chake kinavyosema.

Dada_wa_Stoo
Na vile stima inapotea wiki hizi, agiza filta mbili.